Rock kwenye ukumbi wa chuo au ndani ya Sphere: tiketi yako uipeleke wapi

Tarehe 8 Mei 2023, Dead & Company, bendi iliyoundwa na baadhi ya wanamuziki wa Grateful Dead, walipiga Barton Hall, ukumbi wa mazoezi wa Cornell University huko Ithaca, jimbo la New York. Mwaka mmoja baadaye, kuanzia 16 Mei 2024, wakaanza mfululizo wa maonyesho 30 ndani ya Sphere, ukumbi wa umbo la tufe wenye skrini kubwa huko Las Vegas. Ni bendi ileile, na nyimbo nyingi ni zilezile za Grateful Dead, bendi ya rock ya Marekani ya tangu miaka ya 1960, ila kumbi zenyewe ni mbingu na ardhi. Anayetaka kulinganisha hawezi kupata kipimo bora kuliko hiki.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye pesa ya safari moja: mwanafunzi aliye Marekani, ndugu anayekwenda kumtembelea, au shabiki aliyepata viza na anataka shoo moja ya rock asiyoisahau. Kuna wazee wa rock wanaoapa kwamba hakuna ukumbi utakaofikia kumbi za vyuo za miaka ya 1970. Kuna vijana wanaosema baada ya Sphere kwingine kote ni kupoteza muda. Wote wana hoja, lakini kila upande unasifia kitu tofauti na mwenzake, na hapo ndipo mnunuzi wa tiketi anapopotea.

Kanda si ukumbi

Barton Hall ilijengwa mwaka 1914 na 1915 kuwa jengo la gwaride la wanafunzi wa mafunzo ya kijeshi. Ni jengo kubwa la mawe lenye paa la juu la chuma, na ndani yake kuna sakafu ngumu ya michezo na njia ya kukimbilia. Hakuna aliyelijenga akifikiria gitaa. Ila lilikuwa kubwa na lilikuwa la chuo, na wanafunzi wenyewe, kupitia Cornell Concert Commission, ndio waliokuwa wakialika bendi. Hivyo ndivyo vyuo vingi vya Marekani vilivyoingia kwenye ramani ya rock: bendi iliyokuwa njiani kati ya mji mkubwa na mji mkubwa ilijaza siku tupu kwa kupiga chuoni, na mwanafunzi aliingia kwa tiketi ya chini ya dola 10.

Grateful Dead walipiga hapo tarehe 8 Mei 1977, siku ambayo theluji ilianguka Ithaca japo ilikuwa Mei. Rekodi ya usiku ule, kazi ya fundi Betty Cantor-Jackson, ilizunguka mikononi mwa mashabiki kwa miaka mingi. Ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa ya Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, na mwaka 2017 ikatolewa rasmi. Watu wengi wanaosema Barton Hall ina sauti tamu wameijua kwa rekodi hii.

Sasa angalia rekodi yenyewe ilivyopatikana. Ilitoka kwenye nyaya za mitambo. Haikunaswa na maikrofoni iliyosimama katikati ya watu. Gitaa, ngoma na sauti za waimbaji zilikwenda moja kwa moja kwenye mashine kabla ukumbi haujazigusa, kwa hiyo utamu unaousikia ni wa wanamuziki na wa fundi, na paa lile la chuma halina mchango mkubwa humo. Zipo pia kanda za usiku huohuo zilizorekodiwa na watazamaji kwa maikrofoni zao. Sikiliza dakika tano za ile ya mitambo, kisha dakika tano za ile ya watazamaji, wimbo uleule, kwa spika za masikioni. Kwenye ya pili ngoma zimevimba, besi imetanda, na sauti ya mwimbaji imesogea mbali. Aliyelipa tiketi alisikia hivyo.

Kwa nini ukumbi wa michezo unavuma

Chukua ukumbi wa kukadiria wenye urefu wa mita 60, upana 40 na kimo 15. Ujazo wake ni mita za ujazo 36,000. Kuta, sakafu na paa kwa jumla ni mita za mraba 7,800, na kama ni mbao ngumu, matofali na mabati, tuseme zinameza sehemu moja tu kati ya kumi ya sauti inayozigonga. Kanuni aliyoiacha Wallace Sabine wa Harvard inasema: zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawanya kwa uwezo wa ukumbi kumeza sauti, ambao hapa ni mita za mraba 780. Ukiwa mtupu, jibu ni zaidi ya sekunde 7 kabla sauti haijafifia kabisa. Hapo pigo moja la ngoma linakuwa bado hewani wakati mpigaji ameshapiga mengine zaidi ya kumi.

Kinachouokoa ukumbi wa aina hii ni watu. Mwili uliovaa nguo unameza sauti, takriban sawa na nusu mita ya mraba ya kitu kinachomeza kila kitu. Waingize watu 4,000 na mvumo unashuka hadi karibu sekunde 2. Waingize 1,500 tu na unabaki karibu sekunde 4. Ndiyo maana bendi ileile na mitambo ileile hutoa sauti safi kwenye shoo iliyojaa na uji mtupu kwenye shoo iliyouza nusu ya tiketi. Fundi aliyejaribu mitambo saa kumi jioni, ukumbi mtupu, hutumia nyimbo mbili tatu za mwanzo kurekebisha kila kitu upya. Usihukumu shoo kwa wimbo wa kwanza.

Miili haimezi besi vizuri. Sauti nzito za gitaa la besi na teke la ngoma hubaki zikizunguka hata ukumbi ukijaa, na zikizidi huyafunika maneno ya mwimbaji. Kuongeza sauti hakusaidii hapo, maana mvumo unaongezeka nao. Fundi anayejua kazi hupunguza besi kuliko angefanya uwanjani.

Tatizo la pili ni ukuta wa nyuma. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ukisimama mita 5 kutoka jukwaani katika ukumbi wetu wa mita 60, sauti inakupita, inagonga ukuta wa nyuma na kukurudia ikiwa imesafiri mita 110 zaidi, yaani karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo na pigo vimeachana kwa nusu sekunde, hivyo mwangwi unaangukia katikati na ngoma inasikika kama imepigwa na watu wawili wasioelewana. Ukisimama mita 10 kutoka ukuta wa nyuma, mwangwi huohuo unachelewa kwa chini ya sehemu moja kati ya tano ya kiasi kile na sikio linauchanganya na sauti yenyewe, lakini hapo bendi imeshakuwa ndogo machoni na mvumo ni mwingi kuliko sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika.

Mahali pa kusimama basi ni mbele kidogo ya meza ya fundi mitambo, katikati ya ukumbi au karibu nayo. Fundi anachanganya sauti kwa masikio yake, hivyo aliye karibu naye anasikia kile fundi anachotaka kisikike. Mashabiki wa Grateful Dead waliokuwa wakirekodi walilifahamu hilo, wakawa wanajazana mbele ya meza na milingoti yao ya maikrofoni hadi fundi akazibwa asilione jukwaa. Oktoba 1984 wakatengewa eneo lao nyuma ya meza. Epuka kona, maana besi hujikusanya huko. Epuka chini ya roshani. Benchi za pembeni kabisa nazo zina taabu: spika kuu huwa zimeelekezwa sakafuni na nyuma, kwa hiyo aliye pembeni anapata mvumo zaidi ya muziki.

Sphere inavyofanya kazi

Sphere ilifunguliwa tarehe 29 Septemba 2023 kwa maonyesho ya U2, na gharama ya ujenzi ilifikia takriban dola bilioni 2.3. Kimo chake ni mita 112 na upana mita 157. Ndani kuna skrini inayopanda kutoka nyuma ya jukwaa hadi juu ya vichwa vya watu, eneo la karibu mita za mraba 15,000. Viti ni 17,600, na kukiwa na watu wa kusimama sakafuni idadi inafika 20,000.

Kwa upande wa sauti, umbo la tufe ni balaa. Ukuta uliopinda kuelekea ndani hukusanya sauti na kuirudisha sehemu moja, kwa hiyo jengo la namna hii likiachwa bila dawa lingekuwa baya kuliko ukumbi wowote wa mazoezi. Dawa waliyotumia ni mitambo ya Holoplot, kampuni ya Berlin. Nyuma ya skrini, ambayo ina matundu madogo ya kupitisha sauti, kumefungwa vipande karibu 1,600 vya spika, na mitambo yote kwa jumla ina vipaza vidogo vipatavyo 167,000. Kompyuta huchelewesha kila kimoja kwa kiasi chake ili mawimbi yaungane kuwa miale inayoelekezwa kwa watazamaji, isiyotawanyika hovyo kwenye kuta. Aliye kiti cha mwisho juu anapata sauti isiyopishana sana na ya aliye katikati. Kwenye ukumbi wa chuo wenye marundo mawili ya spika pembeni ya jukwaa, kila umbali ukizidi maradufu sauti inashuka desibeli 6 kwa spika ya kawaida, ndiyo maana wa mbele huziba masikio na wa nyuma hulalamika.

Wazo la vipaza vingi vidogo lina mizizi kwenye muziki huohuo. Mwaka 1974 Grateful Dead walizunguka na mtambo ulioitwa Wall of Sound, wenye nguvu ya wati 26,400, uliosimamishwa nyuma ya bendi yenyewe. Kila chombo kilikuwa na spika zake, hivyo sauti hazikugombana ndani ya spika moja. Kwa kuwa spika zilielekea kwenye maikrofoni, kila mwimbaji alipewa maikrofoni mbili zilizofungwa kwa nyaya zinazopingana: sauti ya spika iliingia zote mbili na kujifuta, sauti ya mdomo iliingia moja na kubaki. Ilikuwa kazi ya akili kubwa sana, na ilifanyika ili muziki usikike vizuri kwenye kumbi kubwa. Mzigo na gharama vikawashinda ndani ya mwaka huohuo. Picha ya mtambo ule ilirudi kwenye skrini ya Sphere wakati wa maonyesho ya Dead & Company, na huenda hiyo ndiyo picha ya haki zaidi katika shoo nzima.

Viti: hapa ndipo pesa inapotea

Kwenye ukumbi wa chuo, tiketi ya kusimama ni moja kwa wote, na ukikosea mahali unahama. Sphere ukikosea kiti umekosea usiku mzima.

Usinunue safu za nyuma za ngazi ya 100. Ngazi ya 200 imetanda juu yake kama dari na kukata sehemu ya juu ya skrini, yaani kile hasa ulichokilipia. Tangazo la tiketi wakati mwingine husema kwamba mwono umezibwa kiasi, kwa maandishi madogo. Yasome. Tiketi za mkono wa pili ndizo za kuangalia zaidi, kwa sababu muuzaji anaweza kuiacha taarifa hiyo. Omba ngazi na safu kabla ya kulipa.

Katikati ya ngazi ya 200 na 300 ndiyo sehemu bora. Picha kubwa huchorwa kwa jicho lililokaa katikati. Ukienda pembeni sana, mistari iliyonyooka inapinda na majengo yanalala. Ngazi ya 400 ni ya juu na mteremko wake ni mkali, bendi inaonekana kama punje, lakini skrini yote iko mbele yako na bei huwa ndogo. Aliyefuata picha zaidi ya wanamuziki atapata thamani yake huko, mradi asiwe mtu wa kuogopa kimo. Viti karibu 10,000 vina mtetemo unaokwenda na besi. Si vyote, na sakafuni hakuna.

Sakafuni ndiko wanakokwenda wanaotaka kucheza na kumwona mpiga gitaa vidole. Ni sehemu iliyo karibu zaidi na raha ya ukumbi wa chuo. Ila skrini inakuwa juu na nyuma ya kichwa, na baada ya saa moja shingo inadai haki yake.

Kizunguzungu nacho ni cha kweli. Dead & Company walifungua kwa picha ya nyumba ya 710 Ashbury, San Francisco, walikoishi Grateful Dead wa mwanzo. Picha ilianza mtaani mbele ya nyumba, kisha ikapaa taratibu juu ya mapaa, juu ya jiji, hadi angani. Jicho linaambiwa mwili unaruka, sikio la ndani linasema umekaa, na ubongo unapokosa wa kumwamini tumbo linavurugika. Ikikupata, fumba macho kidogo. Au yashushe na uangalie kitu kisichosogea: reli ya mbele, kiti, au jukwaa lenyewe. Kula chakula chepesi saa mbili kabla, na pombe iache hadi baadaye. Mwenye ugonjwa wa kutapika garini asikae juu kabisa.

Nani anaongoza, bendi au skrini

Kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Katika ukumbi wa chuo, mpiga ngoma akiamua kuurefusha wimbo kwa dakika nane, hakuna wa kumzuia. Taa zina mtu anayezifuata kwa mkono. Sifa ya usiku wa 1977 imejengwa juu ya uhuru huo, wimbo mmoja ukiyeyuka ndani ya mwingine bila aliyejua ni lini.

Skrini ya Sphere inataka mpango. Picha iliyotengenezwa kwa wimbo wa dakika sita inaisha dakika ya sita, na shoo nyingi hapo hupangwa wimbo kwa wimbo, usiku hadi usiku. Dead & Company walibadili nyimbo, lakini safari ya kuondoka 710 Ashbury ilijirudia. Walioonyesha njia nyingine ni Phish, bendi nyingine ya rock ya Marekani. Aprili 2024 walipiga usiku nne bila kurudia wimbo hata mmoja, na wakishirikiana na studio ya Moment Factory walitengeneza picha nyingi zinazoweza kuendeshwa papo hapo, kurefushwa na kubadilishwa kufuata bendi. Bendi hiyo ilianzia kwenye ukumbi wa kulia chakula wa University of Vermont mwaka 1983, na ilipofika Las Vegas haikukubali kuburutwa na skrini. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi ya Sphere, tazama orodha za nyimbo za maonyesho yaliyotangulia. Kama ni zilezile kila usiku, unanunua onyesho la picha lenye bendi hai, na usiku mmoja unatosha. Kama zinabadilika, chagua usiku wowote na uende kusikiliza.

Kuna kitu kimoja ambacho ukumbi wa chuo unacho na Sphere haina. Mvumo uleule unaoharibu ngoma ndio unaobeba kuimba kwa watu. Elfu nne wakiitikia kiitikio chini ya paa la chuma, sauti yao inarudi na kuwafunika, na kila mmoja anasikia kwamba hayuko peke yake. Ndani ya kuba lililotulizwa, sauti ya umati inamezwa, na ukichanganya na macho yaliyoinuliwa kwenye skrini, watu wanasahau kuimba. Mtu anayekumbuka shoo ya chuo ya miaka 40 iliyopita kwa machozi anakumbuka hicho, na hajazidisha.

Masikio, milango na nauli

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15 kwenye kumbi za burudani, na kwa hesabu za afya ya kazini za Marekani, kipimo hichohicho cha 100 ni dakika 15 tu za usalama kwa siku. Shoo ni saa tatu. Vaa vizibo vya masikio kokote uendako, ila ukumbi wa chuo ndio hatari zaidi kwa aliye mbele, kwa sababu fundi lazima awafikishie wa nyuma.

Shoo ya kusimama bila viti vyenye namba ina hatari yake langoni. Mwaka 1979 watu 11 walikufa kwa kubanwa nje ya Riverfront Coliseum, Cincinnati, kabla The Who hawajapanda jukwaani, wakigombea kuingia kwanza. Fika mapema au fika umati ukishaingia. Ule muda wa katikati ndio mbaya. Ukiingia, tafuta mlango wa pili kabla ya kutafuta mahali pa kusimama.

Kwa bei, tiketi za U2 pale Sphere zilitangazwa kuanzia dola 140, na sehemu nzuri zilipanda mbali na hapo. Ongeza hoteli na ndege. Ukumbi wa chuo mara nyingi unafikika kwa basi, na mwenye kitambulisho cha mwanafunzi aulize kama kuna punguzo.

Walio Uingereza hawana haja ya kuvuka bahari. Refectory ya University of Leeds, ukumbi wa kulia chakula ambamo The Who walirekodi albamu yao maarufu tarehe 14 Februari 1970, bado hupokea bendi. Queen nao, ambao mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, walianza na kumbi kama hizo, ikiwemo Imperial College ya London alikosoma Brian May. Upande wa pili kuna ABBA Voyage, London mashariki, iliyofunguliwa Mei 2022: watu 3,000, bendi hai ya watu 10, na waimbaji ni picha tu. Sauti na picha ni safi sana, lakini hakuna jambo lisilotarajiwa litakalotokea humo.

Uamuzi wetu ni huu. Kama bendi unayoipenda hubadili nyimbo na kuzirefusha, na inapita kwenye ukumbi wa chuo wa watu chini ya 6,000, nunua hiyo kwanza, mradi tiketi zinakaribia kwisha. Ukumbi mtupu usiuguse. Kama hujawahi kusikia rock kwa sauti safi kabisa, au unakwenda na mtu asiyeifahamu bendi, Sphere ngazi ya 200 au 300 katikati haitakuangusha. Pesa ikitosha ngazi ya 100 nyuma tu, subiri. Bei za mkono wa pili mara nyingi hushuka siku yenyewe ya shoo wauzaji wakiogopa kubaki na tiketi mkononi, na maonyesho ya katikati ya wiki ndiyo ya kuvizia.